Dakota Juu ya Friji

Duka la kwanza lilikuwa limeshageuka mgahawa wa Wahabeshi. Namba ya jengo ilikuwa ileile niliyoihifadhi kwenye simu, mtaa uleule wa Silver Spring, Marekani, mlango uleule wa kioo niliouona kwenye picha za mtandaoni. Lakini dirishani, mahali pa maboksi ya ndege na treni ndogo za kuunganisha, palikuwa na sinia pana la injera na mchuzi wa dengu. Juu ya mlango, chini ya rangi mpya, bado lilionekana umbo la pangaboi la ndege kutoka kwenye kibao cha zamani.

Nilisimama pale kwa muda. Mke wangu akaniuliza kama tunaingia kula au tunaomboleza.

"Nilipiga simu kabla ya kuja," nilisema. "Iliita."

"Iliita wapi? Jikoni?"

Binti yetu alicheka, kisha akasema ananusa kitu kizuri. Tukaingia, tukala. Niliketi nikitazama ukutani, nikijaribu kukisia rafu zilikuwa upande gani.

Nafanya kazi gazetini, na nimezoea kuhakikisha jambo kabla ya kutoka ofisini. Katika safari ile nilikuwa nikitoka kwanza na kuhakikisha baadaye. Haraka yangu ilitokana na baba.

Baba alikuwa mtunza uwanja wa ndege kwetu, magharibi mwa Tanzania. Ulikuwa uwanja wa udongo, na yeye ndiye aliyefukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia, akapandisha mfuko wa upepo, na ndege ikishasimama akasogeza ngazi kwenye mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Ndege iliyokuja mara nyingi ilikuwa Dakota, ile ya injini mbili inayokaa chini kwa mkia kama mbwa. Sasa baba ana presha ya macho. Daktari alituambia wazi kwamba kilichokwishapotea hakirudi na kilichobaki kinapungua. Pembeni haoni tena. Huutazama ulimwengu kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nilipomuuliza nimletee nini kutoka Marekani, alisema hataki shati wala redio.

"Niletee ile ndege yako ya kuunganisha. Dakota. Niione kabla."

Hakumalizia. Kuunganisha ndege ndogo za plastiki ndiyo starehe yangu tangu ujana. Dakota nilishawahi kumjengea, ya kipimo kidogo, lakini aliishika, akaizungusha mbele ya jicho lake, akanirudishia. Alisema anaona kitu cha kijivu. Nilihitaji kubwa zaidi, kipimo cha moja kwa arobaini na nane, ambayo mabawa yake yana urefu wa mkono wa mtu. Dar es Salaam haipo. Wauzaji wa mtandaoni walikuwa mbali, na boksi lingefika sisi tukiwa tumeshaondoka. Kwa hiyo likizo ya familia, tuliyoipangia makumbusho na picha mbele ya majengo meupe, mimi niliipangia maduka.

Dada yangu, mwenyeji wetu, alikuwa na mpango wake. Yeye ni mkubwa wangu, anaishi katika fleti Silver Spring na anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi zamu ya usiku. Hajaja nyumbani tangu tumzike mama. Kila mwaka anasema mwakani. Ratiba ya kutupeleka kwa watu ilikuwa kichwani mwake, na haikuwa na nafasi. Kila tulikokwenda tulilishwa, na kila tulikolishwa tulikabidhiwa mzigo wa kupeleka nyumbani: viatu vya mpwa, dawa za vitamini za mama mkwe, kitenge kilichotoka Tanzania na sasa kilitakiwa kurudi Tanzania kikiwa kimeshonwa. Masanduku yetu yalianza kunenepa kabla hatujanunua hata fulana.

Duka la pili lilikuwa upande wa Sterling, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Siku hiyohiyo tulialikwa huko kwa Mkenya mmoja, mfanyakazi mwenzake dada. Nikaona bahati imenielekea. Tulipita majengo makubwa yasiyo na madirisha, ambamo dada alisema hamna watu, ni kompyuta tupu zinazonguruma. Nikaliona duka kwa macho yangu kando ya barabara, dirishani mna manowari ya plastiki iliyokamilika na taa zake zinawaka.

"Hapo hapo, dada, simama!"

"Tukitoka. Watu wanatungoja na chakula."

Duka lilikuwa linafungwa saa kumi na moja. Yule Mkenya alitupokea mlangoni kwa kelele za furaha, akatuketisha, akaleta chai ya maziwa. Baada ya chai nikadhani tumemaliza. Nikasogea ukingoni mwa kochi.

"Kwani unaenda wapi?" mwenyeji aliniuliza. "Hiyo ni chai tu. Chapati ndio zinakuja."

"Msamehe," dada alisema. "Anatafuta duka la midoli."

"Ya huyu msichana?"

"Yake mwenyewe."

"Wacha! Mzee mzima hivi?" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya, mzee wa midoli, utakula kwanza. Kwangu hakuna kutoka na njaa."

Chapati zilikuja, na kuku, na mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi. Nilikula huku nikitazama saa ya kijani kwenye maikrowevu. Mke wangu, anayenijua, alinikanyaga mguu chini ya meza kila nilipogeuka. Halafu tukaombewa safari njema, na sala ya mwenyeji iligusa abiria, rubani, hali ya hewa na ndugu zetu wote mmoja baada ya mwingine. Alipotamka amina, aliingia chumbani akarudi na mfuko wa viatu vya shule, vya mdogo wake anayesoma Arusha.

"Ni kitu kidogo tu," alisema.

Tulipofika dukani, mwenye duka alikuwa anazima taa za manowari. Nilibisha kioo. Alinitazama, akanyoosha kidole kwenye kibandiko cha saa za kazi, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Garini niligeukia dirisha. Tulipoingia barabara kuu, dada akanitupia jicho.

"Umenuna?"

"Sijanuna."

"Umenuna kama ulivyonuna ulipokatazwa kupanda kwenye ngazi ya baba."

Siku duka lile lilipofungua tena nilipiga simu, na safari hii mtu alipokea. Hakuwa na Dakota, hajaipata kwa miaka mingi. Lakini alinielekeza kwa mzee mmoja upande wa Greenbelt, Maryland, anayenunua mali za waunganishaji waliofariki. Wajane humpigia simu, akaniambia, naye huenda na gari kuchukua maboksi ambayo waume zao waliyanunua maisha yao yote na hawakuwahi kuyafungua. Nilimsimulia mke wangu.

"Namba ya huyo mzee," alisema, "naomba nami niihifadhi."

Dada alitupeleka asubuhi iliyofuata, ametoka zamu moja kwa moja, bado amevaa sare yake ya zambarau. Alisema hatashuka, atalala garini. Duka lilikuwa chini ya ardhi, kando ya sehemu ya kufulia nguo, na ngazi zake zilinukia sabuni. Sijawahi kuona maboksi mengi namna ile. Yalipangwa mpaka darini, na kwenye mengine mwenyewe aliyekufa aliandika jina lake pembeni kwa penseli. Mzee wa duka hakuuliza nimetoka wapi. Nilimwambia ninachotaka, akaenda nyuma ya rafu, akakaa huko. Nilisikia maboksi yakishushwa, moja baada ya jingine. Binti yangu aliniuliza kwa kunong'ona kama nausikia moyo wangu, maana yeye anausikia.

Lilikuwepo. Kona moja imebonyea, gundi ya ukingoni imekauka, lakini vipande vyote vimo ndani ya mifuko yao. Nilianza kuvihakiki kimoja kimoja, kama tunavyofanya, na hapo mlango ukasukumwa.

"Mnazaliwa huko ndani?" Dada alishuka ngazi macho mekundu. "Nimelala, nimeamka, nimelala tena."

Nilimwonyesha boksi. Hakuangalia picha. Aliingiza mkono ndani, akatoa nusu ya kiwiliwili cha ndege na kuigeuza kwenye mwanga. Kwa kidole gumba alifuata ubavu wa plastiki mpaka nyuma ya bawa.

"Mlango ni huu?"

"Ndiyo."

"Mkubwa. Ndio wenyewe huu. Waliwahi kuleta kitanda cha hospitali, kikaingia kizima." Kidole kikabaki pale. "Baba alikuwa anasimama hapa."

Mzee wa duka alimtazama, kisha akanitazama mimi. Dada akarudisha kipande ndani ya boksi.

"Lipa twende. Nalala nimesimama."

Msafiri mwenye akili, katika kazi yetu hii, hatembei na boksi. Hutoa fremu za plastiki na vipande vyake, akazilaza katikati ya mashati, akakunja boksi likawa bapa, akajengea nyumbani. Rangi hununua kwao, kwa sababu ndegeni haziruhusiwi, wala gundi. Hayo yote niliyajua na ndivyo nilivyopanga. Lakini jioni ile, dada alipoamka, alikuja jikoni akifunga kanga, akasukuma vikombe pembeni.

"Fungua hapa hapa. Nataka kuiona."

"Nitaijengea Dar, nikupigie picha."

"Picha zenu nimezichoka. Leo na kesho sina zamu. Fungua."

Hatujawahi kukaa hivyo tangu utotoni. Mimi nilikata vipande kwenye fremu, yeye akasafisha viungo kwa tupa ya kucha, ileile anayowasafishia wazee wake. Nilimwambia taratibu, plastiki ni laini kuliko anavyodhani. Aliniambia amekata kucha za watu wanaorusha ngumi, nisimfundishe ulaini. Kilichotugombanisha ni mlango. Mimi nilitaka ufungwe, kwa sababu mlango uliofungwa haukatiki safarini. Yeye aliutaka wazi.

"Kazi ya baba ilikuwa kuona huu mlango unafunguka," alisema. "Ukifungwa, anaona nini? Anaona wanaondoka."

Ukajengwa wazi. Kesho yake, baada ya kanisa, tulifika kwenye mabawa. Niliyajaribisha bila gundi, yakaketi vizuri kuliko nilivyotarajia kwa plastiki ya zamani vile, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye gundi niliyoinunua kwa yule mzee. Nilipaka, nikabana, nikazungushia utepe wa karatasi, nikarudi nyuma kuangalia. Dakota ilikuwa imekaa kwa mkia kwenye meza ya dada, pua juu, rangi ya plastiki tupu. Dada alipiga makofi mara moja.

Mke wangu aliingia akiburuta sanduku na mzani wa bafuni aliokuwa anapimia mizigo ya watu. Aliitazama ndege kutoka ncha hadi ncha. Akatazama sanduku.

"Inaingia wapi?"

Nilijaribu bawa moja, halikusogea. Gundi ya aina ile haibandiki tu, inayeyusha plastiki mbili zikawa moja, na hiyo ndiyo sifa tunayoipenda. Nimejenga ndege nyingi, lakini zote zilizaliwa na kuzeekea chumbani kwangu, juu ya kabati. Sikuwahi hata mara moja kujiuliza ndege yangu itapita mlango gani.

Dada ndiye aliyeanza kucheka.

"Umejenga ndege isiyoweza kupanda ndege!" Alivuta kiti, akakaa, akajifuta machozi kwa pindo la kanga. "Mwandishi wa habari! Anapima kila kitu!"

Mimi sikuweza kucheka. Tulikuwa tunaondoka katikati ya wiki, na siku mbili baada ya kutua tungekuwa kwa baba. Nilifungua sanduku kubwa, nikaanza kutoa mizigo: viatu vya Arusha, kitenge, mkebe wa vitamini.

"Hicho kitenge rudisha," dada alisema. "Cha mama mchungaji. Thubutu ukiache uone."

"Basi tuibebe mkononi."

"Mikoba yetu ya mkononi imejaa mizigo ya kina nani?" mke wangu aliuliza. Alijua jibu, yeye ndiye aliyeipanga.

Nikarudi mezani, nikachukua msumeno mdogo kwenye kifurushi changu cha vifaa. Ningekata pale bawa linapokutana na kiwiliwili, nikaunge Dar, nikapake pati ya kuziba ufa, nikasugue kwa msasa. Niliwaeleza hivyo huku nikitafuta pa kuanzia. Dada aliweka kiganja chake juu ya bawa, chini kabisa ya meno ya msumeno.

"Usikate."

"Haitaonekana."

"Kwa nani? Macho yakimwisha ataishika kwa vidole. Wazee wangu hawaoni, lakini ukibadilisha kifungo kimoja cha sweta wanakuita mwizi. Ataikuta hiyo alama, atauliza imeanguka wapi."

"Sasa nifanye nini? Aisubiri mpaka lini?"

"Iache. Nitaileta mimi."

Mke wangu akaanza kukunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa. Mwakani ya dada tuliijua wote.

"Lini?" niliuliza.

"Nimesema nitaileta. Sina wa kunipa mizigo, nitaipakata kama mtoto."

"Lini, dada?"

"Usinihoji. Mimi si waziri."

Aliinyanyua kwa mikono miwili, akaipandisha juu ya friji, pua imeelekea dirishani. Siku zilizobaki nilikunywa chai chini ya mkia wake. Tulienda kwenye makumbusho, nikasimama mbele ya ndege za kweli zilizoning'inizwa darini, na nilichokuwa nawaza ni friji. Uwanjani Dulles nilimuuliza dada tena, na akanisukuma mgongoni.

"Kasimame foleni."

Kwa baba nilifika na kifuniko cha boksi tu, nilichokikata na kukilaza chini ya sanduku. Aliketi barazani, akakisogeza karibu na jicho lililobaki na nafuu, akaanza kukitembeza taratibu, kipande kwa kipande. Alilikuta pangaboi. Akakuta madirisha. Akafika nyuma ya bawa, akasimama, akarudi, akapita tena.

"Mlango hamna."

Niliinama nione. Mchoraji alikuwa ameichora ndege kutokea kulia. Sikuwa nimeligundua hilo, mimi niliyekuwa nimekitazama kifuniko kile kila siku.

"Huyu alisimama upande usiofaa," baba alisema. "Yenyewe iko wapi?"

Nilimweleza yote, mpaka msumeno. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hiyo iko juu ya friji, na mlango wake uko wazi."

"Dada alitaka uwe wazi."

"Inatua lini?"

"Hajasema, baba."

Alikunja uso. "Zamani wakitupigia redio kwamba ndege imechelewa na saa haijulikani, sikuruhusiwa kwenda nyumbani. Nilikaa palepale na mbuzi. Mpigie."

Dada alipokea haraka. Nyuma yake televisheni ilikuwa inasema kwa sauti kubwa, na mtu mzima alikuwa anaita kwa Kiingereza kwamba aletewe blanketi. Nilimpa baba simu.

"Mwanangu, njia iko wazi," alimwambia. "Nasubiri saa ya kutua."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sema saa."

Yule mzee wa blanketi aliita tena.

"Baba, naomba nizungumze na bosi wangu kwanza."

"Zungumza naye. Mimi siendi popote."

Alinirudishia simu, imeshakatika. Tangu siku hiyo huja barazani asubuhi, huketi na kifuniko mapajani, na akisikia nimeshika simu huuliza kama redio imesema. Juzi dada alituma picha. Juu ya friji ni patupu. Mezani kuna katoni iliyokuwa ya televisheni, imetandikwa mataulo, na ndani yake Dakota, imefungwa mabawa kwa bandeji laini za kazini kwake. Nilimwandikia papo hapo nikimuuliza tarehe. Ameona ujumbe. Hajajibu.

Baba nimemwambia wamepakia mizigo. Aliinuka, akaniomba nimsaidie kutafuta kofia yake ya kazi.